Tezi za Kwenye Ndoo

Mwezi uliopita tulimzika Kulwa huko Ushetu, nyumbani kwa kaka yake, katikati ya mashamba ya tumbaku. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika na gari na suti iliyopigwa pasi, nikaombwa niseme maneno mawili. Nikasema marehemu alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya misheni nilikoanzia kazi, na kwamba mikono yake haikujua kupumzika. Nilipoketi, binti wa kaka yake akaniinamia sikioni. "Babu, eti wewe ndiye uliyemgombeza shangazi kwa sababu ya utumbo? Alikuwa anatusimulia mpaka anatoa machozi kwa kucheka." Nikacheka msibani, mzee mzima, hata wazee wenzangu wakanigeukia. Njia nzima ya kurudi Shinyanga sikufikiria kitu kingine ila ule mwaka mmoja, nilipokuwa na kiuno chembamba na kaunda suti mbili, na nikiamini kwamba hakuna mtu kati ya Tabora na ziwa anayejua nilichokuwa nakijua.

Na nilikuwa sahihi, kwa nini nijifiche? Nilichuma pamba ya watu ili nilipe ada, nikasoma kwa kibatari, nikashinda mitihani iliyowashinda watoto wa makarani, nikapelekwa Leipzig, Ujerumani, nikarudi na diploma ya maabara, fani ya kuchunguza nyama za mwili kwa darubini. Wenzangu niliosoma nao wengi walibaki Dar es Salaam kwenye bahari na umeme. Mimi nikaomba nirudi kwetu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha karibuni, sabuni ikipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana, na hospitali niliyopewa, ambayo sitaitaja maana majengo yake yenyewe hayapo tena, ilikuwa nje ya mji mdogo wa biashara usio mbali na Kagongwa. Wakanipa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Nilikifagia mwenyewe, nikapaka chokaa, nikapanga chupa zangu za rangi, nikaweka mezani darubini ambayo tangu Ujerumani sikuiachia mtu yeyote aibebe. Kwenye ndege na kwenye treni niliipakata kama mtoto mchanga. Mvua ikinyesha, harufu ya mahindi ilitoka ukutani ikachanganyika na ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Mpaka leo nikipita kwenye ghala la nafaka najisikia nina miaka ishirini na saba.

Nilipanga kwa Mama Hadija. Baba yake alikuja na reli kutoka pwani, akaoa huku, akaacha nyumba ya matofali barabarani na duka la kanga na vitenge mbele yake. Chumba changu kilitazama uani, na ukuta wake haukufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa ndani ya nyumba ile nilikisikia, nipende nisipende. Nilisikia bei za kanga, nilisikia dua, nilisikia jirani akilia kuhusu mume wake aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita akasahau njia ya kurudi. Asubuhi nilikuwa napewa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga. Jioni ulikuja ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na samaki wa ziwa, au wali siku ambayo biashara imekwenda vizuri. Kabla ya kula lazima nisimame mlangoni pa jiko nimsalimie. "Shikamoo mama." "Marahaba, Mjerumani wangu. Leo umekata nyama za nani?" Alinipa jina hilo siku ya kwanza aliponiona naanika taulo kwenye kamba kwa vibanio, na mji mzima ukalichukua. Alikuwa mwanamke mnene, mweupe wa meno, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine ya kukoboa. Hadija, mtoto wake wa pekee, aliolewa Kalangalala, huko Geita, na kijana mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na alikuwa na mimba ya kwanza. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya jiko kila siku: mjukuu anakuja, na bibi atakwenda Geita kumpokea.

Mimi sikusomea udaktari, lakini nina macho. Kabla ya masika nikaona Mama Hadija anatupakulia sisi, kisha anaketi na sahani yake, anamega, anaongea, anasimama, na sahani inarudi jikoni kama ilivyokuja. Kanga alizokuwa anajifunga mara moja na nusu sasa zilimzunguka mara mbili. Jioni moja nikasikia juu ya ukuta akimwambia jirani kwamba choo chake kina damu, kwamba mganga amesema ni bawasiri, na kwamba anakunywa mizizi. Nikasubiri jirani aondoke. "Mama, kesho tunakwenda hospitali." "Umesikiliza maneno ya wanawake?" "Ukuta wako mfupi, mama." "Basi nitaongeza tofali," akasema, akaniwekea ugali. Nilimsumbua wiki nzima. Akakubali, nadhani, ili anyamazishe mdomo wangu.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa Daktari Mabula, jitu la miraba minne lililokuwa likiimba nyimbo za kulima huku likipasua. Alimpapasa tumbo, akaacha kuimba. Wakampasua baada ya siku chache, asubuhi, akatoa kipande cha utumbo mpana upande wa kushoto chenye uvimbe mgumu ulioziba nusu ya njia. Mimi nilikuwa nasubiri kwenye stoo yangu na fomalini imeshapimwa. Nilikuwa nimefika kazini miezi michache tu na hiki ndicho kilikuwa kipande cha kwanza cha utumbo kupita mikononi mwangu pale. Zamani vilikuwa vikipelekwa Mwanza. Kulwa akaniletea chupa ya jemu. Ndani mlikuwa na utumbo uliopasuliwa, ukaoshwa, ukasuguliwa, ukang'aa kama wa sikukuu. Uvimbe ulikuwepo. Lakini yale mafuta ya manjano yanayoushikilia utumbo mgongoni, yote, yalikuwa yamechunwa.

"Dada Kulwa, mafuta yako wapi?"

"Nimekutolea, mdogo wangu. Nimekuoshea na maji ya moto."

"Nani amekutuma?"

Akanishangaa. Kwao waliua ng'ombe kila arusi, na tangu akiwa msichana yeye ndiye aliyepewa utumbo, kwa sababu alikuwa anausafisha usibaki na harufu. Huwezi kumpa mwenzako utumbo na uchafu wake na mafuta yake yananing'inia, ni kumtukana. Tena chupa zetu zilikuwa ndogo na fomalini ya shida. "Hata wa Mwanza nilikuwa nawasafishia hivyo hivyo, miaka yote, na hakuna aliyelalamika," akasema. "Nikuletee na kinyesi, useme Wasukuma hatujui kazi? Wewe si umetoka Ulaya?"

Hapo ndipo nilipomgombeza. Sauti yangu ilifika wodini, na waliokuwepo waliisimulia siku hiyo kwa miaka mingi. Ngoja nieleze kwa nini, maana nimeona hata wasomi wa leo hawalijui hili vizuri. Saratani ya utumbo mpana ikitoka nje ya utumbo, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni tezi za limfu, ndugu za zile zinazovimba kinenani mtoto akiumia mguu, ambazo watu huziita mitoki. Tezi hizo hazikai kwenye utumbo wenyewe. Zimefichwa ndani ya mafuta, zimefuata mishipa ya damu, nyingine kubwa kama kunde, nyingine ndogo huwezi kuziona bila kuzipapasa. Kama hazijaguswa, ugonjwa uko hatua ya chini, na aliyekatwa ana matumaini makubwa ya kupona kwa kisu peke yake. Kama hata moja imeguswa, hatua imepanda, matumaini yamepungua, na mgonjwa anahitaji kufuatwa na dawa. Na ni lazima utafute nyingi. Askari anayeingia nyumba ya vyumba kumi na viwili, akachungulia viwili, akatoka akisema hakuna mwizi, huyo hajakagua, amepunga hewa. Kule Leipzig mwalimu wetu, mama mmoja mfupi mwenye miwani minene, alitukalisha na bakuli la mafuta na hakuna aliyekwenda kunywa chai mpaka yeye mwenyewe apapase mabaki yetu akose kitu. Wenzangu walimchukia. Mimi nilimpenda, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kwenda chai.

"Yako wapi?" nikamwuliza Kulwa tena.

"Kwenye ndoo."

"Ndoo imekwenda wapi?"

Kumbe ndoo za upasuaji zilikuwa zinachomwa kila siku adhuhuri shimoni nyuma ya jikoni, na siku ile mafuta ya taa ya kuchomea yalikuwa yamekwisha. Mimi na diploma yangu, na kaunda suti yangu ya rangi ya maziwa, nikapiga magoti kando ya shimo, Kulwa akinisimamia na beseni, akinung'unika kwa Kisukuma maneno ambayo nilikuwa nayaelewa vizuri sana na yeye alijua naelewa. Tukayapata mafuta ya utumbo, yamefungwa kwenye shashi, kipande kizima. Wapishi walitoka kutazama. "Mjerumani kakosa mboga kwa Mama Hadija!" mmoja akapaza sauti, na wote wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimebeba beseni kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nilifanya kazi ile kwa vidole, taratibu, kidole gumba na cha shahada, kama unavyotafuta kijiwe kwenye mchele. Tezi tatu kubwa nilizipata upesi, nikazigandisha kwenye nta, nikazikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikazitia rangi. Zote zilikuwa safi. Daktari Mabula akaja na sigara yake kusimama mlangoni. "Tatu safi, Mjerumani. Zinatosha. Niache nikamwambie mama wa watu arudi dukani kwake."

"Daktari, hizo ni kubwa tu. Bado kuna mafuta."

"Unataka uyamalize yote? Utapata kitambi."

"Daktari, kwenye majibu ya Mwanza ya zamani waliandika nini kuhusu tezi?"

"Waliandika hazikuonekana. Na mimi nikawaambia wagonjwa ni salama." Akavuta sigara. Halafu akatazama beseni, akamtazama Kulwa aliyekuwa anafuta meza, akatazama beseni tena, na nikaona ile akili yake kubwa ikifika mahali ambapo yangu ilikuwa imefika. Hazikuonekana kwa sababu hazikuwemo kwenye chupa. Alikaa juu ya gunia mpaka sigara ikamchoma kidole. Kisha akasema kwa upole ambao sikuuzoea, "Tafuta. Tafuta mpaka uchoke."

Sikuchoka. Karibu na pale mshipa ulipofungwa kwa uzi, mahali ambapo mafuta ni magumu, kidole kiliniambia pana kitu, na macho hayakuona kitu. Nikakata. Zilikuwa tezi ndogo kadhaa zimekaa pamoja, na mojawapo, ndogo kama punje ya mtama, nilipoiweka chini ya darubini ilikuwa na wageni: zile seli kubwa za zambarau zilizojipanga duara duara, sawasawa na za kwenye uvimbe. Nilimwita Daktari. Alitazama muda mrefu. Kwa utaratibu fundi wa maabara haandiki jibu la mwisho, kwa hiyo vioo vikaenda Mwanza kwa bingwa, na bingwa akajibu vile vile nilivyokuwa nimesema. Sikushangaa, ila nililisoma jibu lake zaidi ya mara moja, kwa raha.

Raha hiyo iliishia kwenye kizingiti cha wodi. Mama Hadija alikuwa ameketi kitandani, amejitanda kanga mpya, anamwuzia muuguzi kitenge. Daktari akamweleza kwamba kisu kimeondoa uvimbe, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapiga hodi nyumba ya pili. Kwamba Dar es Salaam kuna dawa za kuchomwa kwenye mshipa, miezi kadhaa. Kwamba hata wakubwa wa huko hawana hakika zinasaidia kiasi gani, lakini yeye, angekuwa mama yake, angempeleka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Hiyo tezi uliyoiona, Mjerumani, ni kubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya mtama, mama."

"Umelipekua tumbo langu kama polisi na mzigo wa mlanguzi, ukapata punje ya mtama. Na kwa hiyo punje nifunge duka, nimwache mwanangu ajifungue peke yake kwa wachimbaji, nikalale kwenye kituo cha watu nisiowajua?" Akamrudia muuguzi. "Mita nne, mwanangu, au tano?"

Aliruhusiwa kurudi nyumbani kuuguza kidonda. Michembe ilikuja, lakini bila utani. Hadija akafika kutoka Geita juu ya lori la pamba, tumbo mbele, na jioni ile nikasikia kila kitu juu ya ule ukuta. Mama alisema atakwenda Kalangalala kama alivyoahidi, na kifo kikija kitamkuta kwa mjukuu wake. Hadija alilia kwanza, halafu akakasirika, na hasira yake ilifanana na ya mama yake kabisa. "Mimba ni yangu, mama. Nitazaa uwepo usiwepo. Wanawake wa Geita wana mikono pia. Lakini mtoto atakapoanza kuuliza bibi yuko wapi, nimwambie nini? Alikuwa anauza kanga?" Nikasikia mama akizima taa.

Kesho yake, Jumapili, Kulwa akaja kutoka kanisani na kapu la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Hakuwahi kufika pale kabla. Akaketi kwenye mkeka, akasalimia, akaulizwa habari za mvua, akajibu. Kisha akasema mbele yetu sote, "Mama, mimi ndiye niliyetupa mafuta yako kwenye ndoo. Nilikuwa nakusafisha. Nina likizo sijaichukua miaka. Nitakusindikiza, nitakufulia, nitalala chini ya kitanda chako. Na mimi sijawahi kuiona bahari."

Mama Hadija akamtazama. "Kwa hiyo kansa yangu ndiyo inakutembeza wewe ukaone bahari?"

"Ndiyo, mama."

Hadija ndiye aliyeanza kucheka, akashika tumbo. Mama yake akajizuia, akashindwa, akacheka huku ameshikilia mshono na kulalamika kwamba tunamuua kabla ya wakati. Jumatano yake tukawapandisha treni ya Dar es Salaam pale Isaka.

Watu huniuliza, kama ile tezi isingeonekana, ingekuwaje? Sijui. Sayansi niliyosomea inahesabu watu wengi kwa pamoja. Haimwambii mtu mmoja habari zake. Ninachojua ni kwamba tangu mwaka ule hakuna utumbo uliotoka chumba kile cha upasuaji bila mafuta yake yote, na Kulwa alisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko mimi; nimemwona akimzuia daktari mgeni mlangoni, mkono kiunoni. Wengi ambao tuliandaa vipande vyao vizuri walikufa hata hivyo. Lakini walikufa wakijua walipo, na waliokuwa na nafasi waliipata. Hilo ni jambo kubwa, na mimi ndiye niliyelileta kule. Waandike hivyo nitakapozikwa, kama patakuwa na mtu anayejua kuandika.

Miezi ikapita. Habari zilikuja kwa vipande, kwa midomo ya abiria: anatapika, amekonda, nywele zimepungua, dawa imekwisha wanasubiri meli. Hadija akajifungua Kalangalala, mtoto wa kike. Halafu ikaja habari kwamba wanarudi. Mtu aliyewaona Tabora alisema Mama Hadija hawezi hata kusimama, kwa hiyo Daktari Mabula akachukua gari la hospitali, tukapakia machela na shuka safi, tukampitia Hadija, aliyekuwa amekuja kwa mama yake na mtoto, tukakaa Isaka kwenye jua kuisubiri treni ambayo, kama kawaida yake, ilichelewa. Daktari hakuimba. Hadija alikuwa anamfunika mtoto na kumfunua.

Treni ikaingia. Mlango wa behewa la daraja la tatu ukafunguka na kwanza likatoka robota, likifuatwa na robota jingine, na jingine, yakisukumwa na mikono ya Kulwa. Kisha akatokea Mama Hadija, amekonda kama mwiko, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, ameshika vyuma vya mlango kwa mikono miwili. Alitutazama mmoja mmoja, na mwisho akaiona machela.

"Hiyo mmemletea nani?" Sauti ilikuwa ile ile. "Nimekaa Dar es Salaam miezi yote hiyo, mlidhani nilikuwa nalala tu? Kanga za kiwandani hizi, huku hamjaziona tangu vita. Mjerumani, usisimame kama nguzo, pokea. Hadija, lete huyo mtoto."

Tukamteremsha. Akaketi kwenye saruji ya stesheni na mjukuu mapajani, akimchunguza vidole, akimwambia maneno ambayo hayakutuhusu. Aliishi akamwona huyo mtoto akiolewa, na wadogo zake wawili pia. Duka alilihamishia Kalangalala, na alipofariki, mzee sana, ilikuwa kwa presha. Lakini siku ile hakuna aliyeyajua hayo. Tulijua tu kwamba amerudi na kwamba jua ni kali. Daktari Mabula akaitandaza machela chini, akapanga juu yake marobota ya kanga, akashika mbele, mimi nikashika nyuma, tukayabeba mpaka kwenye gari, na njiani nikamsikia ameanza kuimba.